Gitaa halijafa, kilichokufa ni pikapu

Jamani, leo naomba tuache kidogo mambo ya programu tuzungumzie gitaa. Msikimbie, tutarudi kwenye programu kabla hatujafika mbali, maana ugonjwa ni ule ule. Na kabla hamjanicheka: nikisema pikapu sina maana ya lile gari linalobeba maembe kutoka vijiji vya Tana kwenda Malindi. Nina maana ya kidude kilichofichwa ndani ya gitaa la mbao, kinachosikiliza mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme ili spika ipate la kusema.

Hoja yangu ni hii, naitoa mapema ili asiyekubali aanze kunoa panga. Anayetengeneza gitaa ambalo pikapu yake haiwezi kubadilishwa na fundi wa redio wa kawaida anauza takataka iliyocheleweshwa tu. Na muuzaji anayemwambia mteja "hili limekufa, chukua jipya" bila kufungua hata skrubu moja anamwibia mteja huyo, hata kama anamwibia kwa tabasamu na soda baridi.

Kwa asiyeijua Garsen: ni mji mdogo kando ya mto Tana, karibu na njia panda ya Minjila ambapo barabara inayotoka Malindi inagawanyika, moja ikaelekea Lamu na nyingine ikapanda Hola hadi Garissa. Kutoka hapo hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 200. Joto lipo, vumbi lipo, na mvua ikinyesha huko juu milimani mto unakuja kukusalimia mpaka chumbani. Mafuriko ya 2018 watu hawajayasahau, na mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikawarudia tena. Hapo ndipo kuna kwaya ninayoijua, yenye gitaa moja. Moja! Lilinunuliwa kwa mchango, kuku wakauzwa na mchele ukauzwa. Maji yalipokuja lilibebwa kichwani kama mtoto, likaokoka.

Miezi michache baadaye uzi wa kwanza ukawa hausikiki kwenye spika. Kisha wa pili. Mwishowe sauti yote ikawa kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Ukilipiga bila spika, gitaa lilikuwa likilia vizuri kabisa, mbao yake haina ufa, shingo imenyooka. Wakalipeleka Mombasa kwa basi. Dukani wakalichomeka, wakasikiliza kwa dakika mbili, wakasema limekufa, hizi hatufungui. Duka silitaji na kiwanda sikitaji, maana maduka na viwanda vya namna hiyo ni vingi na sitaki mmoja abebe mzigo wa wote. Gitaa likarudi Garsen kwa basi lile lile, na nauli yake ikalipwa tena.

Mzee anayeongoza kwaya aliposikia nimefika alinitafuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha bila kupoteza muda akasema: "Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Basi hii nayo ina waya." Miaka yote ile ya chuo kikuu nikijifunza algorithimu na miundo ya data, na kwa mzee yule shahada yangu maana yake ni kwamba chochote chenye waya ni kazi yangu. Na mnajua nini? Nadhani alikuwa na haki. Mtu aliyefundishwa kutafuta kosa kwenye programu ya mistari elfu kumi anashindwaje kulitafuta kwenye waya tatu?

Kwanza tuelewane kidude chenyewe ni nini, maana ujinga wetu ndio mtaji wa wanaotuuzia.

Kuna mawe na kauri ambazo ukizibana zinatoa umeme kidogo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hilo mwaka 1880. Hilo ndilo piezo. Limo ndani ya kiberiti cha gesi kile cha kubonyeza, limo ndani ya saa ya mezani inayokupigia kelele alfajiri, limo ndani ya vichezeo vya watoto. Kwenye gitaa huwekwa kama ukanda mwembamba chini ya kile kipande cheupe ambacho nyuzi hukalia kwenye daraja. Wapiga gitaa hukiita sadoli nami nitakiita hivyo. Waliolieneza sana jambo hili ni kampuni ya Ovation ya Marekani, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 na Charles Kaman, mtu wa kutengeneza helikopta. Mtu wa helikopta anaijua mitetemo kuliko mwanamuziki yeyote! Uzi ukitetemeka unaibana sadoli, sadoli inaibana piezo, piezo inatoa umeme. Basi. Baada ya hapo kuna kisaketi kidogo cha kuukuza umeme huo, chenye vifundo vya besi na treble ubavuni mwa gitaa, na betri ya volti 9, ile ya mraba. Halafu jeki.

Vipande vinne tu: piezo, kisaketi, betri, jeki. Kila kimoja kina umri wake wa kuishi, na hakuna hata kimoja kinachokaribia umri wa mbao nzuri. Sasa kama unajua tangu siku ya kwanza kwamba sehemu hii itakufa kabla ya ile, kwa nini uzifunge pamoja kwa namna ambayo ikifa moja zote zizikwe?

Nilipofungua lile gitaa la Garsen nikaona jibu. Ukanda wa piezo haukuwa na plagi ndogo ya kuchomoa. Waya wake ulikuwa umelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao wa saketi. Juu ya kulehemu wamemwaga epoksi nyeusi, donge kama lami, hata ukitaka kusoma namba ya transista huioni. Kasha lote limegandishwa kwenye mbao kwa gundi. Kilichokuwa kinafunguka kwa hiari yake ni kimlango cha betri, yaani pale tu ambapo wewe mteja unatakiwa kutoa hela zaidi.

Nimewahi kusikia kisingizio kwamba ni lazima iwe hivyo ili gitaa liwe la bei nafuu. Si kweli hata kidogo. Plagi ya pini mbili ni senti. Skrubu nne ni senti. Donge la epoksi lenyewe lina gharama, na linahitaji mfanyakazi wa kulimwaga na muda wa kukauka. Mtu analipia gundi ili wewe usione ndani.

Haya, tuingie kazini, maana polemiki bila bisibisi ni porojo.

Kabla ya kumlaumu piezo, wahukumu wengine kwanza. Betri mpya. Waya mwingine wa kuchomeka. Kisha jeki: jeki ya gitaa la aina hii ni ya stirio ingawa sauti ni ya mono, na kuna ujanja mzuri ndani yake. Plagi ya mono ikiingia inaunganisha mguu wa kati wa jeki na ule wa ethi, na hapo ndipo hasi ya betri inapopata njia. Yaani plagi ndiyo swichi. (Ndiyo maana ukiacha waya umechomekwa muda mrefu unakuta betri imekwisha, halafu unasema gitaa lina jini.) Hewa ya chumvi na unyevu wa Pwani huzila jeki hizi mpaka zikafanya kutu ya kijani. Ya Garsen ilikuwa na kutu, nikaisugua kwa msasa mwembamba, haikubadilisha kitu. Sasa piezo. Ukipima ukanda mzima kwa mita kwenye omu utaona hakuna njia kabisa, na hilo ni sawa, kwa sababu piezo ni kapasita. Weka mita kwenye milivolti za mkondo geu kisha gonga sadoli kwa ukucha upande wa kila uzi. Ukanda mzima ulio hai hurusha namba kila ukigonga. Wetu ulirusha upande wa nyuzi nene kidogo, upande wa nyuzi nyembamba kimya. Unyevu ulikuwa umeingia.

Ningeweza kuagiza ukanda mwingine. Zipo za kununua, na ukiwa na ukanda wenye plagi na kisaketi chenye plagi kazi ni ya nusu saa: unalegeza nyuzi, unang'oa sadoli kwa koleo taratibu (sadoli haitakiwi kuwa na gundi), unatoa ukanda wa zamani, unapitisha mpya kwenye kitundu kile kile. Mambo ya kuangalia ni mawili. Chini ya sadoli pawe bapa kabisa, ukiusugua kwenye msasa uliotandazwa juu ya kioo, la sivyo uzi mmoja utapiga kelele na mwingine utanong'ona. Na unene: ukanda mpya ukiwa mnene kuliko wa zamani, sadoli itapanda na nyuzi zitakuwa juu, vidole vitalia, basi unapunguza sadoli kwa kiasi hicho hicho. Ukiwa mwembamba unaweka kipande cha mbao laini au karatasi ngumu chini.

Lakini sisi tulichukua njia nyingine, kwa sababu ya hesabu. Hapa naomba wapenda namba mkae karibu.

Kwaya haina amplifaya ya gitaa. Ina miksa ya zamani, na tundu la kawaida la miksa ya namna hiyo lina upinzani wa karibu kilo-omu 10. Ukanda wa piezo una kapasita ya kama nanofaradi 1. Kapasita ikifuatiwa na upinzani ni chujio la kuzuia besi, na mahali linapoanza kuzuia unapata kwa kugawanya 1 kwa zao la 6.28, upinzani, na kapasita. Fanyeni hesabu: ni hezi 15,900! Uzi mnene wa gitaa unatetemeka hezi 82. Maana yake karibu muziki wote uko upande usiotakiwa wa chujio, na hicho ndicho kile kijisauti cha nyuki kwenye chupa unachokisikia mtu akichomeka piezo tupu kwenye miksa. Ukiongeza upinzani ukafika mega-omu 1, kama ilivyo kwenye amplifaya za gitaa, chujio linashuka hadi hezi 159. Mega-omu 10, hezi 16, na hapo besi zote zinapita. Kazi kubwa ya kile kisaketi cha ndani ni hiyo, si vile vifundo vya kujivunia.

Sasa kuna piezo za aina nyingine, visahani vya shaba vya milimita 27, vile vya ndani ya kengele za saa. Nairobi, Luthuli Avenue, kimoja nilikinunua chini ya shilingi 100. Kisahani kimoja kina karibu nanofaradi 20. Unganisha vitatu sambamba, shaba kwa shaba na kati kwa kati, unapata 60. Rudieni hesabu kwa miksa ile ile ya kilo-omu 10: hezi 265. Si kamili, besi bado imekonda, lakini ni gitaa linalosikika, bila betri, bila kisaketi, bila chochote cha kufa. Vitatu hivyo vikapanda basi kuja Garsen kwenye bahasha.

Tukavibandika ndani, chini ya daraja, mkono ukipita kwenye tundu la sauti. Mbao tuliifuta kwa spiriti kwanza, kisha utepe mwembamba wenye gundi pande mbili, ambao utang'oka siku ukitaka kung'oka. Waya ni ule wenye kinga ya nje, mfupi, la sivyo unanasa mvumo wa inveta ya sola. Jeki mpya kwenye tundu lile lile la zamani. Hakuna shimo jipya lililotobolewa kwenye mbao.

Halafu kwa ajili ya besi tukatengeneza kisaketi cha kukuza, ila tukakiweka nje, kwenye kisanduku cha plastiki kinachokaa sakafuni. Moyo wake ni TL072, chipu ambayo imo ndani ya miksa nyingi. Yetu tuliitoa kwenye miksa iliyokufa. Rezista kadhaa, kapasita tatu, basi. Chipu hiyo inakula karibu miliampea 3, na betri ya alkalini ya volti 9 ina kama 500 za kwa saa, kwa hiyo ni zaidi ya saa 150 za kuimba. Kijana mmoja wa hapo anayetengeneza simu ndiye aliyelehemu, mimi nilikuwa namwangalia na kumsifu. Kazi yake ya kulehemu ni safi kuliko nyingi nilizowahi kuona maabara. Mchoro wa saketi tukauandika kwa kalamu na kuubandika ndani ya kifuniko cha kisanduku. Kikiharibika kisanduku, gitaa bado linasikika. Kikiharibika kisahani kimoja, viwili vinaendelea. Kikija kisaketi kizuri zaidi mwakani, kinaingia bila kumgusa gitaa.

Wenzangu wa programu mmeshaona ninakoelekea. Hivyo ndivyo tunavyofundishwa kuandika programu! Sehemu zisizoshikana, mipaka iliyo wazi, kila sehemu ibadilishwe bila kuvunja nyingine. Anayeandika faili moja la mistari elfu kumi ambamo kila kitu kinagusa kila kitu tunamcheka kwenye mapitio ya msimbo. Lakini ukituletea simu iliyogandishwa kwa gundi, au gitaa lililomwagiwa epoksi, tunasema ah, hiyo ni maunzi, si shamba letu.

Na tuna mfano mbele ya macho yetu. Jeki ya gitaa, ile ya milimita 6.35, ilizaliwa kwenye swichibodi za simu karne ya 19, wakati binti alikuwa akichomeka waya kwa mkono ili wewe uongee na mwenzako. Imekaa zaidi ya miaka 100. Gitaa la leo linaingia kwenye amplifaya ya babu yako na la babu yako linaingia kwenye amplifaya ya leo. Hakuna aliyehitaji ruhusa, hakuna aliyehitaji sasisho. Nitajieni programu moja yenu itakayofunguka baada ya miaka 100. Mimi yangu ya mwaka juzi haifunguki.

Najua kuna watakaoniambia gitaa la mbao halitakiwi kuwa na pikapu kabisa, weka maikrofoni mbele yake, sauti safi ya mbao, na kadhalika. Hao nawaomba waje Garsen Jumapili moja. Kanisa lina kuta nusu, upepo unapita, watoto wako mstari wa mbele, ngoma iko mita moja kutoka kwa gitaa, spika ziko mita mbili. Weka maikrofoni hapo usikie inavyopiga mluzi. Usafi wa sauti ni anasa ya mwenye studio. Hata studio zenyewe hazikuwazuia watu wa Pwani: Fundi Konde, mtoto wa huku kwetu, alirekodi gitaa tangu miaka ya 1940, na hakuna aliyesubiri vifaa viwe kamili.

Na kwa taarifa ya wale wanaodhani Tana River ni mahali pa kupeleka misaada tu: sauti ya wimbo wetu wa taifa, ule mnaousimamia wima, imetokana na bembelezi ya mama wa Kipokomo. Tume ya watu watano iliichukua ikaipanga kabla ya uhuru wa 1963. Nchi nzima inaimba sauti ya mto huu kila bendera inapopandishwa. Halafu watu wa mto huu huu wanaambiwa kaunta kwamba gitaa lao halistahili kufunguliwa skrubu.

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Ugonjwa huu wa kufunga kila kitu haukuanzia kwenye magitaa. Ulianzia kwetu. Mnakumbuka kisa cha Richard Stallman na printa ya Xerox pale MIT, karibu mwaka 1980? Alitaka kuirekebisha programu yake ili imwambie karatasi zinapokwama, akanyimwa msimbo. Kutokana na hasira ile na nyingine kama hiyo ndiko zilikotoka programu huria. Wengi wetu tumekula kutokana na hasira ile: Linux ya 1991, seva zote tunazozipangisha, hata Jambo OpenOffice ya Kiswahili iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004 na watu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu. Isingewezekana kutafsiri kitu kilichomwagiwa epoksi. Walifungua kifuniko, wakakuta maneno, wakayabadilisha.

Tumekula, tumeshiba, kisha tumewafundisha watengenezaji wa kila kitu ujanja wa kufunga. Leo yapo magitaa yenye kompyuta ndani, na kuyarekebisha sauti unahitaji programu kwenye simu. Siku kampuni ikichoka na programu hiyo, au simu yako ikipata mfumo mpya usioikubali, nusu ya gitaa imelala. Nani aliiandika programu ile? Si seremala. Ni mmoja wetu, mwenye shahada kama yangu, aliyeambiwa aweke kufuli akaweka, akapokea mshahara, akaenda kula nyama choma. Siwezi kumlaumu mwenye duka wa Mombasa peke yake wakati sisi ndio tunaochonga kufuli.

Kuna dunia inayoanza kuamka. Jimbo la Oregon huko Marekani lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza mwaka 2024, ikakataza hata ule mchezo wa kuifanya spea ikatae kufanya kazi mpaka kompyuta ya kiwanda iikubali. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria yake mwaka huo huo, inayotaja mashine za kufulia, friji, simu na kadhalika. Gitaa halimo kwenye orodha, na sisi wapiga gitaa hatuna cha kushangaa, hatukupiga kelele. Kwetu Kenya kuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayowapa wazalishaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hata zikishakuwa taka. Vizuri. Lakini ninachotaka mimi kiko hatua moja nyuma ya hapo: bidhaa isiwe taka kwa sababu ya waya mmoja. Kuokota gitaa jaani kwa utaratibu mzuri wa kisheria hakuwasaidii watu waliouza kuku kulinunua.

Kwa hiyo mkienda dukani kununua gitaa lenye umeme, au redio, au chochote, mwombeni muuzaji afungue mbele yenu. Chunguzeni tundu la sauti kwa tochi ya simu. Kuna plagi au kuna donge? Kasha la ubavuni limeshikwa na skrubu au gundi? Ukanda wa piezo unauzwa peke yake? Akisema hajui, mwambieni akaulize, ninyi mtasubiri. Akikasirika, la mbao tupu lisilo na umeme ni bei ndogo, na visahani vitatu mnajua vinapatikana wapi.

Mhandisi mmoja ameshaniambia kwa upole kwamba epoksi inawekwa ili kukinga saketi na unyevu, na kwamba Garsen ndiko inakohitajika zaidi. Nimeisikia. Lakini gitaa lile lilikuwa na epoksi yake yote na unyevu uliingia vile vile, kupitia kwenye ukanda ambao haukufunikwa na kitu. Na kama shida kweli ni unyevu, kuna vanishi ya akriliki ya kupaka saketi, inauzwa kwa mkebe wa kupulizia, inakinga maji na bado ni angavu: namba za vipande zinasomeka, na chuma cha kulehemu kikiwa cha moto kinaipenya bila taabu. Wenye viwanda wanaijua. Wanaipaka kwenye vifaa vyao wanavyotaka vitengenezeke.